Fahamu vigawe, nambari zinazogawanyika pasi na baki

DOZI kamili ya dawa mseto ya malaria, ile inayofahamika kama AL katika zahanati za Migori na Homa Bay, huwa na tembe 6, 12, 18 au 24. Kwa tembe za kiwango cha kawaida, hakuna dozi ya tembe 10, wala ya 15, wala ya 20.

Mpangilio huo haukutokea kibahati. Dawa humezwa mara 6 katika muda wa siku 3, na kila mara mgonjwa humeza idadi ileile ya tembe. Mtoto mwenye uzani wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza tembe 1, wa kilo 15 hadi chini ya 25 humeza 2, wa kilo 25 hadi chini ya 35 humeza 3, na mwenye kilo 35 au zaidi humeza 4. Kila mojawapo ya nambari hizo ikizidishwa kwa 6, jumla ya tembe hupatikana. Kwa lugha ya hisabati, 6, 12, 18 na 24 ni vigawe vinne vya kwanza vya 6.

Kigawe cha nambari nzima ni zao linalopatikana nambari hiyo inapozidishwa kwa nambari nzima nyingine yoyote. Vigawe vya 7, mathalan, ni 7, 14, 21, 28, 35 na kuendelea. Njia nyepesi ya kuviona ni kuanza kwenye sufuri na kupiga hatua zilizo sawa. Kila mahali mguu unapotua ni kigawe, na kila nambari iliyorukwa si kigawe. Orodha hiyo haina mwisho, kwa maana daima inawezekana kupiga hatua moja zaidi.

Kwa kuwa 7 mara sufuri ni sufuri, sufuri nayo ni kigawe cha 7, na kwa hakika ni kigawe cha kila nambari nzima. Aghalabu walimu huiacha nje ya orodha kwa sababu haimsaidii mwanafunzi anayetafuta kigawe kidogo cha nambari mbili. Uamuzi huo una busara, ila mwanafunzi asije akaambiwa kwamba sufuri si kigawe.

Kinachowatatiza wengi ni tofauti kati ya kigawe na kigawo, maneno yanayotenganishwa na irabu moja tu. Kigawo ni nambari inayoigawanya nyingine pasi na baki. Hivyo 6 ni kigawo cha 24, ilhali 24 ni kigawe cha 6. Ni uhusiano mmoja unaotazamwa kutoka pande mbili, kama vile mtu mmoja alivyo mwana kwa mzazi wake na mzazi kwa mwanawe. Vigawo vya 24 ni vinane pekee: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Vigawe vyake huanzia 24, kisha 48, 72, 96 na kuendelea bila kikomo. Nambari inayopatikana katika orodha zote mbili ni 24 yenyewe, kwa kuwa kila nambari nzima isiyo sufuri ni kigawe na pia kigawo chake yenyewe.

Msomaji wa Kenya huenda hajawahi kuyasikia maneno hayo darasani. Nchini humu hisabati ya madarasa ya juu ya shule ya msingi hufunzwa kwa Kiingereza. Lakini ukivuka mpaka wa Isebania na kuingia Sirari, wilayani Tarime, shule za msingi za serikali hufunza hisabati kwa Kiswahili, na wanafunzi huko hukariri KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, na KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka huo. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja Kehancha na mwenzake Tarime, wanaweza kukokotoa hesabu ileile, wakapata jawabu lilelile, kisha kila mmoja asielewe mwenzake alikuwa akitafuta nini.

Dholuo, lugha ya wakazi wengi wa kaunti hizi mbili, ina hazina ambayo mwalimu wa madarasa ya chini angefaa kuitumia. Kumi huitwa apar, ishirini huitwa piero ariyo, thelathini piero adek, arubaini piero ang'wen. Maana yake ni makumi mawili, makumi matatu, makumi manne. Mtoto anayehesabu hivyo anatamka vigawe vya 10 kwa njia ya kuzidisha kabla hajaonyeshwa jedwali lolote. Kiswahili kiliazima ishirini, thelathini na arubaini kutoka Kiarabu, na kwa hivyo uhusiano huo na kumi hausikiki tena masikioni. Hali ni tofauti kwa auchiel na abiriyo, yaani sita na saba, ambamo husikika tano na moja, tano na mbili. Huko ni kujumlisha, si kuzidisha, na tofauti hiyo ni somo zuri kwa watoto.

Je, nambari kubwa itatambuliwaje kuwa kigawe cha nyingine bila kuhesabu hatua moja baada ya nyingine? Njia ya uhakika ni kugawanya na kutazama baki. Baki likiwa sufuri, ni kigawe. Zipo hata hivyo njia za mkato. Kigawe cha 2 huishia kwa 0, 2, 4, 6 au 8. Kigawe cha 5 huishia kwa 0 au 5, na cha 10 huishia kwa 0. Kwa 4, tarakimu mbili za mwisho zatosha, kwa sababu 100 yenyewe ni kigawe cha 4 na hivyo mamia yote hayaachi baki: 7,316 ni kigawe cha 4 kwa kuwa 16 ni kigawe cha 4.

Kanuni ya 3 ndiyo inayowashangaza watu, na inastahili kuelezwa badala ya kukaririwa tu. Jumlisha tarakimu za nambari. Jumla ikiwa kigawe cha 3, nambari yote ni kigawe cha 3. Chukua 4,731, ambayo tarakimu zake hujumlika kuwa 15. Sababu ni kwamba 10 ni 9 na 1, 100 ni 99 na 1, na 1,000 ni 999 na 1. Hizo 9, 99 na 999 zote ni vigawe vya 3 na haziachi kitu. Kutoka kwa elfu nne hubaki 4, kutoka kwa mia saba hubaki 7, kutoka kwa thelathini hubaki 3, na mwishoni 1 iliyokuwepo. Zikijumlishwa hupatikana 15, ambayo ni kigawe cha 3. Kanuni hiyohiyo hutumika kwa 9, na kwa kuwa 15 si kigawe cha 9, basi 4,731 pia si kigawe cha 9. Kigawe cha 6 hupimwa kwa masharti mawili kwa pamoja: kiwe kigawe cha 2, tena kiwe kigawe cha 3.

Umuhimu wa baki huonekana wazi dozi ya malaria inaporejelewa. Migori na Homa Bay zimo kandokando ya Ziwa Victoria, katika ukanda wa Kenya unaoathiriwa zaidi na ugonjwa huo. Serikali iliichagua AL kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2004, na usambazaji ukaanza 2006. Mtu mzima aliyepewa tembe 24 humeza 4 kila mara. Kwa kuwa 24 ni kigawe cha 4, na kila mara zinaondolewa 4, tembe zinazobaki lazima ziwe kigawe cha 4: 20, 16, 12, 8, 4, na hatimaye sufuri. Zikipatikana tembe 14 kwenye paketi, hakuna haja ya kumhoji mgonjwa sana. Kugawanya 14 kwa 4 huacha baki la 2, na hiyo ni thibitisho kwamba angalau mara moja hakumeza tembe 4, au kuna tembe zilizopotea au kupewa mtu mwingine.

Kinyume chake hakithibitishi kitu. Iwapo asubuhi ya siku ya tatu, baada ya kumeza, kumebaki tembe 12, nambari hiyo ni kigawe cha 4 bila shaka, lakini zilipaswa kubaki 4. Awamu mbili zimerukwa. Vilevile, dozi ya tembe 12 ya mtoto wa kilo 20 ikigawanywa baina yake na nduguye wa uzani kama huo, kila mmoja atapata tembe 6. Sita ni dozi kamili, ila kwa mtoto mchanga zaidi. Hawa wawili watakuwa wamepata nusu ya dawa wanayohitaji, na hesabu ya vigawe haitatoa onyo lolote. Jambo hilo si dogo, kwani vimelea vinavyostahimili kwa kiasi dawa za jamii ya artemisinini vimeshathibitishwa Rwanda na Uganda.

Saa za kumeza dawa nazo zina hesabu yake. Iwapo tembe za kwanza zimemezwa saa mbili asubuhi, za pili humezwa baada ya saa 8, yaani saa kumi jioni. Awamu nne zinazofuata huwa katika saa ya 24, 36, 48 na 60 tangu mwanzo. Hizo zote ni vigawe vya 12, na saa ya Kiswahili huanza upya kila baada ya saa 12. Kwa hivyo mgonjwa hurudi kwenye saa mbili kila mara: saa mbili asubuhi na saa mbili usiku siku ya pili, kisha vivyo hivyo siku ya tatu. Awamu ya pili pekee ndiyo isiyoingia katika mfuatano huo, kwa sababu 8 si kigawe cha 12. Hiyo ndiyo inayofaa kuandikwa kwa kalamu juu ya paketi.

Si kila ratiba ya tiba hufuata vigawe. Chanjo ya malaria ilipozinduliwa Kenya katika Kaunti ya Homa Bay mnamo Septemba 2019, ratiba iliyotumika ilikuwa mtoto apewe akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Hakuna nambari nzima isipokuwa 1 ambayo hizo nne zote ni vigawe vyake, na mzazi hana budi kutegemea kitabu cha kliniki.

Sokoni, vigawe huhitajika pale vipimo viwili vinapokutana. Kenya huuza mahindi kwa gunia la kilo 90, ilhali Tanzania hutumia gunia la kilo 100. Mfanyabiashara wa Isebania anayenunua Sirari hawezi kulinganisha bei ya gunia kwa gunia. Anachohitaji ni uzani ambao ni kigawe cha 90 na pia cha 100, na ulio mdogo kuliko yote ya namna hiyo. Vigawe vya 90 ni 90, 180, 270 na kuendelea. Vya 100 ni 100, 200, 300 na kuendelea. Mahali vinapokutana kwa mara ya kwanza ni 900. Basi magunia 10 ya Kenya ni sawa na magunia 9 ya Tanzania, ilimradi muuzaji hajafungasha lumbesa.

Chukulia, kwa mfano tu, gunia la Sirari linauzwa kwa Sh4,000 za Kenya na la Isebania kwa Sh3,700. Kwa kutazama juujuu, la Isebania ni nafuu. Lakini kilo 900 kutoka Sirari zitagharimu Sh36,000, na uzani uohuo Isebania utagharimu Sh37,000. Mahindi ya Sirari ndiyo ya bei ya chini kwa Sh1,000, kabla ya nauli na ushuru. Kwa wale wanaouza tena kwa gorogoro, mkebe wa takriban kilo 2, gunia la Kenya hutoa gorogoro 45 na la Tanzania 50, maadamu kitako cha mkebe hakijabonyezwa.

Kigawe huonyesha kwamba mgao sawa unawezekana; hakisemi kwamba umefanyika. Migori ina maeneobunge 8 na wadi 40, sawa na Homa Bay. Arubaini ni kigawe cha 8, na kila eneobunge lingeweza kupata wadi 5. Hata hivyo Nyatike na Kuria Magharibi zina wadi 7 kila moja, Uriri na Kuria Mashariki zina 5, nazo Rongo, Awendo, Suna Mashariki na Suna Magharibi zina 4 kila moja, kwa kuwa wingi wa watu na ukubwa wa maeneo ndio uliozingatiwa.

Tahadhari nyingine inahusu mambo yanayorudi kila baada ya muda sawa. Uchaguzi mkuu wa Kenya hufanyika kila mwaka wa tano, na ni rahisi kudhani kwamba miaka yake ni vigawe vya 5. Sivyo. Miaka 2002, 2007, 2017 na 2022 yote huacha baki la 2 ikigawanywa kwa 5. Uchaguzi wa Machi 4, 2013, ulioleta serikali za kaunti, ndio pekee uliotoka nje ya mfuatano huo, kwani 2013 huacha baki la 3. Anayetaka kujua iwapo mwaka fulani ni wa uchaguzi kwa mujibu wa kalenda ya sasa atatoa 2022 na kutazama tofauti. Mwaka 2042 utakuwa wa uchaguzi, kwa sababu 20 ni kigawe cha 5. Mwaka 2040 hautakuwa, kwa sababu 18 si kigawe chake.