Matema: Mapumziko ya kujipikia chini ya Milima ya Livingstone

Mkoa wa Mbeya haupakani na bahari, lakini wenzi wanaotafuta siku chache za utulivu kando ya maji hawalazimiki kusafiri hadi Bagamoyo au Zanzibar. Kusini mwa mkoa huo, katika Wilaya ya Kyela, Ziwa Nyasa linakutana na Milima ya Livingstone mahali paitwapo Matema.

Upande wa magharibi wa kijiji kuna ufuko wa mchanga. Upande wa mashariki mandhari hubadilika ghafla, kwani milima yenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari huteremka moja kwa moja hadi majini, na mchanga hugeuka kuwa miamba. Barabara ya magari haiendelei zaidi, na anayetaka kufika vijiji vya mbele hutembea kwa miguu au hupanda mtumbwi.

Kutoka Mbeya mjini, msafiri hupita Uyole na Tukuyu, kisha huingia barabara ya lami ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda, yenye urefu wa kilomita 39. Wanaotoka Iringa au Dar es Salaam kwa gari binafsi hupita Kisolanza, shamba lililo umbali wa takriban kilomita 50 kutoka Iringa, ambalo limejulikana kwa miaka mingi kwa nyumba zake ndogo za wageni na mazao yake. Wengi hulala hapo usiku mmoja kabla ya kuendelea na safari.

Kabla ya kulipa, ni muhimu kulielewa neno moja ambalo huwachanganya wageni wengi. Chumba kinachotangazwa kuwa "kinajitegemea" ni chumba chenye choo na bafu ndani. Neno hilo halina maana kwamba kuna jiko. Wawili wanaotaka kujipikia waulize waziwazi kama nyumba ina jiko, kama kuni, mkaa au mtungi wa gesi umo katika bei, na kama sufuria na sahani zipo. Pasipo na jiko, wenye nyumba wengine hukubali mgeni alete jiko lake la mkaa na kulitumia uani. Kamwe lisiwashwe chumbani, kwa kuwa hewa yake huua.

Kwa chakula, Kyela haina njaa. Mchele wake unasifika nchi nzima, na ndizi, maembe na nazi hupatikana kwa urahisi. Samaki hununuliwa asubuhi wavuvi wanaporejea, hasa usipa, yaani dagaa wa Nyasa. Mbasa, samaki mkubwa anayependwa sana, hupanda mitoni kutaga mayai na huko ndiko hunaswa kwa wingi. Idadi yake imepungua, na si vibaya mgeni akaridhika na usipa. Mafuta ya kula, chai, sukari, dawa na betri ni afadhali vinunuliwe Tukuyu au Kyela mjini.

Vyombo navyo vipo. Katika kijiji cha Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa hadi miji ya mbali, na siku ya Jumamosi huletwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema. Chungu kimoja kinatosha kupikia maharage ya watu wawili, na hurudi nyumbani kama zawadi, kikifungwa vizuri.

Wakazi wa Mbeya na Iringa, waliozoea sweta, hawana budi kukumbuka kwamba ziwa liko takriban mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Joto ni kali na malaria ipo, hivyo chandarua ni cha lazima. Maji ya kunywa yachemshwe. Kichocho kimo katika ziwa hili, na midomo ya mito si mahali pa kuogelea kwa sababu ya mamba. Wenyeji waulizwe kabla ya mtu kuingia majini.

Baadhi ya nyumba za wageni Matema ni za Kanisa la Kilutheri, ambalo wamisionari wake wa Kijerumani walifika eneo hilo katika miaka ya 1890. Ni vema kuuliza mapema kuhusu vileo na taratibu za nyumba.

Mvua za Kyela na Tukuyu ni miongoni mwa nyingi zaidi nchini, na huendelea hadi Mei. Kiangazi huanza Juni, lakini huja na mwera, upepo wa kusini mashariki unaoinua mawimbi makubwa hadi Agosti. Katika miezi hiyo, wanaokwenda Ikombe kwa mtumbwi huondoka alfajiri na kurejea kabla ya upepo kushika. Septemba na Oktoba ziwa hutulia zaidi.