Matairi laini na mizani ya gari la mbio za udongo

Katika mbio za magari zinazofanyika kwenye viwanja vya udongo nchini Marekani, uamuzi wa kufunga matairi laini mara nyingi hufanywa dakika chache kabla ya mbio kuanza, lakini athari zake huenea gari zima. Fundi anayebadili matairi na kuacha springi, upepo na uzito kama vilivyokuwa huweza kumkabidhi dereva gari linalogoma kugeuka au, mbaya zaidi, gari linalopinduka.

Mbio hizi ni tofauti na Safari Rally ya Kenya, ambako magari huondoka moja baada ya jingine na kupita barabara za mashambani. Hapa magari hushindana kwa pamoja katika uwanja wenye umbo la yai, na kona zote hukatwa kushoto. Miongoni mwa viwanja mashuhuri ni Eldora, jimboni Ohio, uliofunguliwa mwaka 1954, na Knoxville, jimboni Iowa. Mzunguko mmoja katika kila uwanja ni nusu maili, yaani mita 800 hivi.

Udongo usiotulia

Jioni mbio zinapoanza, udongo wa mfinyanzi huwa umemwagiwa maji na hunata. Kadiri magari yanavyopita, unyevu hutoweka, na kufikia mbio za mwisho njia huwa imekauka na kung'aa mithili ya sakafu ya saruji. Hapo ndipo tairi laini linapopendwa, kwani halihitaji joto kubwa ili lishike. Hata hivyo, udongo ukianza kushika mpira na kuwa mweusi, tairi hilo hilo huliwa upesi, na anayeongoza huweza kupitwa katika mizunguko ya mwisho.

Ulaini hupimwa kwa duromita, kifaa chenye ncha inayokandamizwa kwenye mpira na kutoa namba. Namba ikiwa ndogo, mpira ni laini zaidi. Tairi lililoachwa juani husomeka laini kuliko lilivyo, hivyo vipimo hulinganishwa tu pale joto linapofanana.

Mshiko unapoongezeka

Kwa kuwa kona zote ni za kushoto, tairi la nyuma kulia ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Matairi ya nyuma yakiwa laini, sehemu ya nyuma hung'ang'ania udongo na kulisukuma gari mbele, huku pua ikikataa kufuata usukani. Dawa ya kawaida ni kupunguza uzito unaoegemea gurudumu la nyuma kushoto, kwa kulegeza skrubu inayokandamiza springi yake.

Njia ya pili ni kuongeza tofauti ya mzingo kati ya matairi mawili ya nyuma. Magari haya mengi huzungusha magurudumu ya nyuma kwa pamoja, bila gia ya kuyaruhusu yapishane kasi. Tairi la kulia likiwa kubwa kuliko la kushoto, gari hupinda lenyewe, kama bilauri yenye mdomo mpana na kitako chembamba inavyozunguka ikisukumwa sakafuni.

Tatizo ni kwamba tofauti hiyo haibaki ilivyopimwa. Tairi laini hupata joto haraka, upepo ndani yake hupanuka, na tairi huvimba. La kulia huvimba zaidi kwa sababu ndilo linalofanya kazi kubwa. Gari lililoanza likigoma kugeuka huweza kumaliza likitupa mkia. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huanza na upepo mdogo kidogo kuliko wangeuweka katika tairi gumu. Upepo wenyewe ni mdogo tangu mwanzo: matairi ya nyuma mara nyingi huwa na pauni 6 hadi 12 kwa inchi ya mraba, ilhali gari la nyumbani huwa na 30 au zaidi. Ukipungua mno, tairi huweza kuchomoka kwenye rimu, na ndiyo maana rimu ya nyuma kulia huwa na pete inayolibana tairi kwa bolti.

Hatari ya kupinduka

Jambo linalosahaulika ni kwamba kuteleza ni kinga. Gari likiteleza, sehemu ya nguvu inayolitupa nje ya kona hupotea. Tairi laini juu ya udongo unaonata haliteleza kwa urahisi. Nguvu yote huangukia magurudumu ya kulia, yale ya kushoto hunyanyuka, na gari huweza kubingirika. Kabla ya kufunga matairi laini katika hali hiyo, mafundi hukaza springi za kulia au huteremsha gari. La busara zaidi ni kusubiri njia ikauke.

Wapo pia wanaolainisha matairi kwa kuyapaka kemikali. Waandaaji wengi wa mbio wamepiga marufuku mbinu hiyo na huchukua vipande vya mpira kwenda kupimwa maabara. Anayebainika hunyang'anywa ushindi.

Mbio zikimalizika, fundi makini hupima mzingo wa matairi kabla hayajapoa, kisha huchunguza uso wa mpira. Malengelenge humwonyesha kwamba tairi lilikuwa laini kupita kiasi au lilizungushwa bure pale dereva alipokanyaga mafuta mapema. Likiwa limechakaa katikati zaidi ya pembeni, upepo ulizidi.