Chemirocha: wasichana wa Kapkatet na faili za muda

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi za watu zimenibana. Leo tuweke programu kando tuzungumze muziki, ingawa mtaona kompyuta itarudi tu kwa mlango wa nyuma.

Yote yalianza na albamu ya KMRU iitwayo Temporary Stored, iliyotoka mwaka 2022. KMRU ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, mtunzi wa muziki wa elektroniki aliyekwenda Berlin kusomea mambo ya sauti. Kama jina hilo si geni kwako, ni kwa sababu babu yake ndiye yule Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu amekuwa akizitoa upya nyimbo za babu kwenye intaneti, kwa hiyo mambo ya hifadhi na haki si mageni kwake.

Kwa albamu hii alichukua sauti za zamani zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kifalme la Afrika ya Kati kule Tervuren, Ubelgiji. Akazivuta, akazirundika moja juu ya nyingine mpaka zikawa kama ukungu. Ukingoja mdundo wa kucheza utangoja sana. Jina la albamu ni kama "zimehifadhiwa kwa muda", na mimi mwandishi wa programu nilicheka kidogo. Faili la muda ni lile unaloliweka mahali kwa dakika mbili ukinuia kulirudisha au kulifuta. Hizi zimekaa huko miaka mingapi?

Nikajiuliza: na zetu za huku kwenye majani chai je? Ziko wapi?

Ziko Afrika Kusini. Mwaka 1950 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alifika Kapkatet na mitambo yake ya kurekodi. Kapkatet mnaijua, pale barabara ya Kericho kwenda Sotik, karibu na mpaka wa kaunti yetu ya Bomet. Alirekodi nyimbo za Wakipsigis, na tatu kati yake alizipa jina moja: Chemirocha. Wa kwanza na wa pili wanaimba wanaume kwa chepkong, kile chombo chetu cha nyuzi. Wa tatu wanaimba wasichana, na haufiki hata dakika mbili. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Sauti za wasichana hao zikatunzwa humo.

Chemirocha ni nani? Hapa ndipo utamu ulipo. Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu kutoka Mississippi, Marekani, aliyewahi kufanya kazi kwenye reli na kufariki 1933. Santuri zake zilifika hadi huku kwetu, wakati makampuni ya Waingereza yalikuwa yameshaanza kuifanya Kericho nchi ya chai. Watu wakasikia sauti inatoka kwenye sanduku na mwenyewe haonekani. Jimmie Rodgers, ulitamke kwa ulimi wa Kikipsigis, linakuwa Chemirocha bila shida yoyote. Tena majina yetu mangapi yanaanza na Che? Chebet, Chepkoech, Cherono. Jamaa akawa mtu wa nyumbani kabisa! Kwa maelezo aliyoandika Tracey, wasichana walimwimba Chemirocha kama kiumbe nusu mtu, nusu swala, hodari wa kucheza.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa kicheko: tazama washamba hawa walivyomgeuza mwimbaji kuwa swala. Mimi sikubali. Walichofanya ndicho anachofanya produsa yeyote leo akiwa na kompyuta yake. Walichukua sauti ngeni, wakakata walichokitaka, wakaibadilisha na kuipa mwili mpya juu ya mapigo yao wenyewe. Tofauti ni kwamba Rodgers alikuwa na jina lake kwenye santuri na kampuni nyuma yake. Wasichana walikuwa na nini?

Nakala zilirudi. Mwaka 2014 ILAM, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walizipeleka rekodi hizo hadi Kapkatet, na baadhi ya waliorekodiwa 1950 walikuwa bado hai. Miaka 64! Faili la muda kweli.

Sasa nikiri jambo langu. Baada ya kusikiliza KMRU nilitaka na mimi nifanye onyesho dogo. Rafiki yangu alikuwa na ukumbi mjini Kericho, nikapanga kupiga moja kwa moja: kompyuta, kibao cha vitufe, basi. Sekunde moja ya sauti ya kiwango cha CD ni namba 44,100, na kwa mtu wa kazi yangu namba ni namba. Nilichukua sekunde nne za wale wasichana, nikazizungusha zijirudie, nikaweka besi chini yake. Ilikuwa tamu, sitadanganya.

Wikendi nikaenda nyumbani, nikamvisha kogo spika za masikioni. Kogo ni nyanya yangu, amechuna chai maisha yake yote. Alifumba macho, akasikiliza, kisha akaanza kukunja uso.

"Mbona hawamalizi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba ndivyo muziki huu ulivyo, kipande kinajirudia.

"Umewakata katikati ya neno," akasema. "Ni wa nani hawa watoto?"

Sikuwa na jibu. Nikamwekea wimbo mzima. Ulipofika mwisho alivua spika, akaniambia niurudie tangu mwanzo, na mara ya tatu alikuwa akigonga goti kwa vidole.

KMRU naye amekata na kuvuta sauti za watu ambao hatawaona kamwe, na bado naipenda albamu yake. Labda kwa sababu haifichi kwamba kuna kitu kimepotea. Ukungu wenyewe unakuambia. Kipande changu kilikuwa kinawachezesha watu tu kwa sauti ambazo sikuwahi kuziulizia.

Onyesho nimeliahirisha. Kapkatet si mbali, ni matatu moja tu kutoka Kericho, na Jumamosi ijayo kogo anataka twende wote. Amesema atauliza yeye, mimi nibebe spika.