Springi Saidizi: Koili Juu ya Ekseli ya Mabapa

Springi saidizi ni springi inayoongezwa kwenye gari ambalo tayari lina springi zake, ili ibebe sehemu ya mzigo pale zile za awali zinapoanza kulemewa. Makala haya yanahusu aina yake moja tu: springi ya koili inayosimamishwa kati ya ekseli ya nyuma na chesisi, kwenye pikapu ambayo nyuma yake imekalia springi za mabapa, yaani vyuma virefu na bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa kwenye ekseli kwa yu-bolti.

Sababu ya kuitafuta springi hiyo inaonekana wazi Kalengera. Mahali hapo pako kando ya Barabara ya Taifa nambari 2, kaskazini ya Goma, katika wilaya ya Rutshuru, panapochepuka njia ya kwenda Tongo. Maharage, ndizi, mihogo na makala, kama makaa yanavyoitwa Kongo, hupakiwa kuelekea mjini, na juu ya magunia hupanda watu. Nchi yenyewe ni ya volkano. Lava ya Nyiragongo iliingia Goma mjini Januari 2002, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikaikata barabara hii hii kaskazini mwa mji. Njia za pembeni zimejaa mawe makali yaliyoganda. Gari lililozidiwa hapo hukaa chini nyuma, pua ikaangalia juu, na kila shimo hugonga chesisi.

Gari linalotegemewa sana katika njia za namna hii ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ulioanza kuuzwa mwaka 1984. Pikapu zake za kazi nzito zilikuwa na mabapa mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota ikaweka koili mbele, lakini nyuma ikaacha mabapa. Kwa hiyo anayeingia chini ya gari hilo anaziona aina zote mbili kwa pamoja, na anaweza kujiuliza kwa nini mtengenezaji aliyejua faida ya koili hakuzifikisha nyuma.

Jibu ni kwamba springi ya mabapa ina kazi mbili. Ya kwanza ni kubeba. Ya pili ni kuishika ekseli mahali pake. Ncha ya mbele ya bapa kuu imefungwa kwenye chesisi kwa bushi na pini. Ncha ya nyuma inaning'inia kwenye kiungo kinachocheza, kwa sababu bapa likikandamizwa hunyooka na kurefuka. Ekseli imebanwa katikati. Dereva akikanyaga mafuta au breki, au gari likiinama upande, mabapa ndiyo yanayoizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Zaidi ya hayo, mabapa husuguana yanapopinda, na msuguano huo hupunguza mtikisiko. Na bapa likivunjika njiani, mengine mara nyingi hulifikisha gari kwa fundi.

Koili haina uwezo wa kuishika ekseli. Inabeba tu. Ukiitazama ikikandamizwa utadhani waya wake unapinda, lakini kwa kweli unasokoteka: kila mzunguko unajinyonga kidogo juu ya mhimili wa waya wenyewe. Haina msuguano wa maana ndani yake, hivyo huitika haraka kwa kila jiwe, na kazi yote ya kutuliza mtikisiko inaangukia shokapu. Gari lenye koili nyuma bila mabapa linahitaji vyuma vingine vya kuishika ekseli: mikono ya kuizuia isiende mbele na nyuma, na ufito wa kuizuia isihame kando. Ndivyo ilivyoundwa Land Cruiser ya mfululizo wa 80 mwaka 1990; Range Rover ya 1970 nayo ilikuwa na koili nyuma.

Basi koili inapoongezwa juu ya ekseli yenye mabapa, kazi zinagawanyika vizuri. Mabapa yanaendelea kuishika ekseli na kubeba sehemu kubwa ya mzigo; koili inachukua kiasi tu. Hesabu yake inatokana na kanuni aliyoichapisha Robert Hooke mwaka 1678: springi hujikunja kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Springi mbili zikibeba pamoja, ugumu wa zote mbili unajumlishwa.

Tuchukue mfano. Tuseme mabapa ya upande mmoja yana ugumu wa nyutoni 60 kwa kila milimita, na mzigo umeongeza nyutoni 3,000 upande huo, ambazo ni uzito wa kama kilo 300. Mabapa peke yake yatashuka milimita 50. Sasa tuweke koili yenye ugumu wa nyutoni 30 kwa milimita, tukiacha nafasi ya milimita 20 kabla haijagusa. Milimita 20 za kwanza zinabebwa na mabapa pekee, na hizo ni nyutoni 1,200. Nyutoni 1,800 zilizobaki zinakutana na ugumu wa 90, kwa hiyo zinashusha milimita 20 nyingine. Jumla ni 40 badala ya 50. Katika nyutoni 3,000 zote, koili imebeba 600 tu, yaani sehemu moja ya tano. Mabapa bado yanabeba 2,400.

Nafasi ile ya milimita 20 ina maana kubwa. Gari likiwa tupu, koili haifanyi chochote, na abiria hawarushwi kama wangerushwa na springi ngumu. Madereva wa malori wanaijua kanuni hii kwa macho. Kwenye malori mengi, Fuso zikiwemo, juu ya mabapa makuu ya nyuma kuna furushi dogo la mabapa ambalo ncha zake hazigusi kitu lori likiwa tupu. Mzigo ukipanda, zinakutana na vituo vyake kwenye chesisi na kuanza kusaidia. Hiyo ni springi saidizi kamili. Koili juu ya ekseli ya pikapu inafanya kazi ileile kwa umbo lingine.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliangalii, nalo linahusu breki. Magari mengi ya Toyota ya kubeba mizigo yana vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye ufito mwembamba unaoiunganisha ekseli na chesisi. Gari likishuka kwa mzigo, ufito unasogea na vali inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu, vali inapunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Vali hii haipimi kilo. Inapima umbali kati ya ekseli na chesisi. Sasa gari letu la mfano limeshuka 40 badala ya 50, na mzigo ni uleule. Vali inadhani mzigo umepungua, na breki za nyuma zinapata chini ya kile zinachostahili. Kwenye mteremko wenye changarawe ya lava, hapo ndipo penye hatari. Fundi akiongeza springi, ni lazima arekebishe ufito huo kwa vipimo vya mtengenezaji.

Ufungaji wenyewe una masharti yake. Koili huwekwa mara nyingi palipokuwa na stopa ya mpira, ile inayozuia ekseli isigonge chesisi. Stopa isipotee: lazima ekseli ikutane na mpira kabla mizunguko ya koili haijabanana chuma kwa chuma. Kikalio cha juu kinahitaji sahani pana, kwa kuwa chesisi haikuundwa kubeba mzigo kwenye nukta hiyo, na kuchomelea ovyo huanzisha ufa. Koili pia ifungwe upande mmoja, juu au chini. Gurudumu moja linapopanda jiwe, lile lingine huning'inia, nafasi hufunguka, na koili isiyofungwa huanguka njiani.

Tuje kwenye majina. Goma husemwa resori, kutoka ressort ya Kifaransa. Nairobi na Dar es Salaam ni springi. Kamusi zina pia kamani, neno la ukoo mmoja na kaman ya Kiajemi, upinde wa mshale. Upinde unalielezea vizuri chuma kile kilichopinda, lakini kwa Kiswahili kamani hutumika kwa springi yoyote, hata ya saa, kwa hiyo halitutofautishii aina. Naafiki springi, kwa kuwa inaeleweka kote. Kwa aina ya kwanza napendekeza springi ya mabapa kuliko ya majani. Bapa ni upande mpana wa kisu au panga, na chuma hiki hiki kikizeeka ndicho wahunzi wanachokifua kuwa panga na visu. Kwa aina ya pili, koili limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya fizikia. Msokoto lingefaa kwa maana, lakini litahitajika kwa ufito wa chuma unaofanya kazi ya springi kwa kusokoteka.

Neno zito ni saidizi. Mteja akisema tu "niwekee koili nyuma," ametaja kazi mbili zilizo mbali kabisa. Moja ni kuongeza koili na kuacha mabapa. Nyingine ni kugeuza mfumo: mabapa yanatolewa, na mikono na fito vinatengenezwa kuchukua nafasi yake. Fundi akiichanganya ya kwanza na ya pili, akaondoa mabapa bila kuweka kitu cha kuishika ekseli, gari hilo haliwezi kuendeshwa salama hata tupu. Kwa hiyo kazi ya kwanza iitwe kuongeza springi saidizi ya koili, na ya pili iitwe kugeuza springi za mabapa kuwa za koili, na risiti ya garaji iandikwe hivyohivyo.

Neno saidizi linaweka pia mpaka wa matumaini. Springi hii haiongezi uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji, kwa maana ekseli, beringi, tairi, breki na chesisi ni zilezile. Mwenye pikapu anayepakia Kalengera akifungiwa springi saidizi apakie magunia yaleyale ya siku zote, gari likae sawa na lisigonge. Akiongeza gunia kwa sababu nyuma haikai chini tena, ameondoa ishara iliyokuwa ikimwonya, na mzigo uliozidi bado uko pale pale juu ya ekseli.