Mikono ya Sabaya: Baridi ya Kibo, Mishipa ya Fahamu na Uzito wa Ushahidi Simulizi, 1848–1889

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa njiani kutoka Rabai kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaandika kuwa ni theluji, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1849 katika jarida la Church Missionary Intelligencer. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliikataa. Wanahistoria wengi wamesimulia mzozo huo kama swali la macho: je, Rebmann aliona au hakuona? Insha hii inashughulikia ushahidi mwingine uliomo katika maandishi hayohayo, nao ni mwili wa mtu mmoja aliyeitwa Sabaya.

Katika habari zake za Machame, Rebmann anaeleza kuwa mtawala wa zamani, Rungua, alituma kundi la watu mlimani kuchunguza kitu kile cheupe, akitumaini kuwa huenda ni fedha. Aliyenusurika alikuwa Sabaya peke yake, naye alirudi mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Wengine walisemekana kuuawa na pepo wa mlima. Rebmann aliyafasiri masimulizi ya pepo kwa haraka: baridi kali iliwaua watu wasio na mavazi ya kutosha, ambao hawakuwa na mazoea nayo. Katika kutaja chanzo alikuwa sahihi. Katika suala la mazoea alikosea, kwa kuwa Wamachame waliishi kwenye miteremko ya mlima huohuo na waliujua ubaridi wa usiku wake. Kilichowashinda ni kimo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, hivyo mtu anayetoka kijijini kwenye mita 1,500 na kufika mita 4,500 hukuta joto limeshuka kwa takriban nyuzi 20.

Je, simulizi la Sabaya linaafikiana na elimu ya mwili? Joto la ndani la binadamu ni takriban nyuzi 37. Linapoanza kushuka, ubongo huamuru mishipa ya damu ya ngozi, mikono na miguu isinyae ili damu ya moto ibaki kifuani na kichwani. Kisha huamuru misuli itetemeke ili izalishe joto. Chini ya nyuzi 35 ulimi huwa mzito, hatua huyumba na uamuzi hupotoka. Karibu na nyuzi 32 kutetemeka hufifia, na wengine, katika kuchanganyikiwa kwao, huvua nguo. Chini ya nyuzi 28 moyo huweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Mtu anayeongea ovyo, anayevua nguo kwenye barafu, kisha akaketi na kulala asiamke: shahidi wa karne ya 19 aliyesema amepagawa alikuwa akiripoti kwa usahihi kile alichokiona.

Viungo vya pembeni vina historia yao. Ujumbe husafiri kwenye neva kwa kufunguka na kufungika kwa vijilango vidogo vinavyopitisha chembe za chumvi, na baridi huvichelewesha. Kwa kila nyuzi moja ya kupoa, kasi ya ujumbe hupungua kwa mita 1.5 hadi 2 hivi kwa sekunde. Neva ikikaribia nyuzi 10, mawasiliano huanza kukatika na ganzi huingia. Misuli nayo hujikunja polepole na hulegea polepole zaidi. Kwa kuwa misuli mikubwa inayokunja vidole imo katika kigasha, mkono uliopoa unaweza bado kushika fimbo huku vidole vikishindwa kufungua fundo. Sisi wa Binza, kwenye tambarare za Bariadi, tunalijua hilo kwa kiwango kidogo: asubuhi ya Julai, mbeho inapovuma, anayefungua kamba ya ndama huona vidole havimtii. Tofauti ni kwamba jua la Bariadi huvirudisha kabla ya saa tatu. Huko Kibo, ganzi huondoa maumivu, na maumivu ndiyo onyo. Kiungo kinaweza kuganda mwenyewe asijue.

Hapa ndipo maelezo kuwa aliyerudi ni mmoja tu, na kwamba alirudi na viungo vilivyoharibika, yanapokuwa na uzito. Mwili huutetea moyo na ubongo kwa kuinyima mikono na miguu damu. Ulemavu wa Sabaya unaweza kusomwa kama gharama ya utetezi uliomwokoa. Msimuliaji aliyetaka kubuni kisa cha pepo hakuwa na sababu ya kuchagua dalili zinazolingana hivyo na utendaji wa mwili.

Barani Ulaya ushahidi wa namna hii haukudharauliwa. Dominique Jean Larrey, tabibu wa jeshi la Napoleon, aliandika juu ya askari walioharibiwa na baridi ya Urusi mwaka 1812, na madaktari wakamsoma kama mwalimu. Sabaya hakuwa na tabibu wa kumwandikia. Safari ya Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten mwaka 1862 ilithibitisha theluji, na mwaka 1871 Charles New akaifikia. Ndipo swali likahesabiwa kuwa limejibiwa, ilhali Machame ilikuwa na jibu tangu enzi za Rungua.

Usomaji huu unapaswa kuendelezwa kwa wapagazi wa baadaye. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni Oktoba 1889, Mwini Amani wa Pangani ndiye aliyebaki nao katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, akitunza hema na moto. Alitoka kwenye mji wa joto la pwani. Kumbukumbu za msafara huo zina mengi kuhusu miamba na barafu. Mtafiti anayezipitia na ajiulize pia vidole vya Mwini Amani vilikuwa na hali gani usiku.