Shafali Verma

Shafali Verma (alizaliwa Rohtak, jimbo la Haryana, 28 Januari 2004) ni mchezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya wanawake ya India. Ni mpigaji wa mkono wa kulia anayefungua dimba, na hurusha mipira ya kuzungusha.

Utotoni alinyolewa nywele mithili ya mvulana ili aweze kufanya mazoezi, kwani vituo vya kriketi mjini kwao havikupokea wasichana.

Aliichezea India kwa mara ya kwanza Septemba 2019 mjini Surat dhidi ya Afrika Kusini, katika mchezo wa ova 20 (kila ova ni mipira sita), akiwa na umri wa miaka 15. Novemba mwaka huohuo alipata mikimbio 73 kwa mipira 49 dhidi ya West Indies, akaivunja rekodi ya mchezaji wa kriketi Sachin Tendulkar ya Mhindi mdogo kuliko wote kufikisha mikimbio 50 kimataifa. Machi 2020 alishika nafasi ya kwanza duniani miongoni mwa wapigaji wa ova 20. Katika fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mwezi huohuo, mjini Melbourne, alitolewa na mikimbio 2 tu, na Australia ikatwaa ubingwa.

Juni 2021, mjini Bristol, alianza mechi za Test, yaani mechi ndefu za siku kadhaa, kwa mikimbio 96 na 63 dhidi ya Uingereza. Januari 2023 aliiongoza India kama nahodha kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wasichana chini ya miaka 19, nchini Afrika Kusini.