Matundu matatu ya choo yaliyofunga shule za Kikatoliki Goulburn

Asubuhi ya Jumatatu, Julai 16, 1962, katikati ya kipupwe, karibu watoto 1,000 wa shule za Kikatoliki walijitokeza kwenye shule za serikali mjini Goulburn, Australia, wakiomba kuandikishwa. Hawakuwa wamefukuzwa, wala shule zao hazikuungua. Wiki iliyotangulia wazazi wao walikuwa wameketi kikao, wakabishana, wakapiga kura na kuamua kuzifunga wenyewe. Chanzo kilikuwa matundu matatu ya choo.

Kila Julai inapozunguka, kisa hiki huibuka tena Australia, na mara nyingi husimuliwa kwa kicheko. Choo kinachekesha, sawa. Lakini sisi ambao hatumalizi mwaka bila kusikia harambee ya matundu ya vyoo vya shule ya msingi tunapaswa kukisoma taratibu kidogo.

Goulburn uko kilomita kama 200 kusini magharibi mwa Sydney, katika jimbo la New South Wales. Ni mji wa reli, wa gereza na wa sufu. Leo mgeni hupelekwa kupiga picha na sanamu ya kondoo ya zege yenye kimo cha mita 15. Mimi ningeomba nipelekwe kwenye vyoo. Ugomvi wenyewe umeandikwa sana na wanahistoria wa siasa, miongoni mwao Michael Hogan, ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 kinawatazama Wakatoliki wa jimbo hilo na wa Canberra kama kundi la shinikizo lililojua kuibana serikali. Walibana kweli. Ila ukikaa na upande wa shinikizo tu, unamsahau mama aliyekuwa akioka keki za kuuza kila baada ya Misa ili mwanawe apate dawati.

Mzizi wa jambo ni wa karne ya 19. Makoloni ya Australia, moja baada ya jingine, yaliamua kwamba fedha ya umma iende kwenye shule za umma peke yake. Victoria ilipitisha sheria yake mwaka 1872. New South Wales ikafuata mwaka 1880 chini ya Henry Parkes, na kufikia mwisho wa mwaka 1882 ruzuku kwa shule za madhehebu ilikuwa imekatwa. Askofu Mkuu Roger Vaughan wa Sydney na maaskofu wenzake walikuwa wamekwishatoa waraka wa kichungaji mwaka 1879, wakiziita shule za serikali vitalu vya ukosefu wa maadili na wa imani. Maneno makali, na si ya haki kwa walimu wa shule hizo. Lakini waumini, ambao wengi walikuwa na asili ya Ireland na kipato cha chini, waliwasikiliza maaskofu wao. Wakaanza kujenga.

Bila masista wasingefika popote. Masista wa Huruma walikuwa Goulburn tangu mwaka 1859, wametoka Ireland. Kusini zaidi, Mary MacKillop alianzisha shirika la Mtakatifu Yosefu mwaka 1866 kwa ajili ya watoto wa maskini wa vijijini. Askofu wake akamtenga na Kanisa mwaka 1871, akarudishwa mwaka uliofuata, na mwaka 2010 Kanisa hilohilo likamtangaza mtakatifu. Wanawake hawa walifundisha bila mshahara wa kueleweka. Nyumba nyingi za watawa ziliishi kwa ada ya masomo ya piano, ambayo sista aliyafundisha jioni baada ya kutwa nzima darasani.

Kilichobaki kilibebwa na familia. Jumamosi akina baba walikuja na koleo na misumari kufanya ule tunaouita kwetu msaragambo: kupaka rangi, kuziba paa, kusawazisha uwanja. Akina mama waliendesha kantini ya shule kwa zamu. Mara moja kwa mwaka parokia ilifanya gulio lake, watu wakauziana keki, jemu na vitambaa vya kufuma, na bahati nasibu ikachezeshwa. Usiku kulikuwa na bingo. Mtu aliyelelewa kwenye parokia ya Kibosho au Peramiho anaelewa bila kuelezwa zaidi: shule ilikuwa ya padri kwa hati, lakini kila familia ilijua ni tofali lipi lilitoka mfukoni mwake.

Mambo yalianza kuelemea baada ya Vita Kuu ya Pili. Watoto walizaliwa kwa wingi, na meli zikaleta Wakatoliki wapya kutoka Italia, Malta na Poland. Kulikuwa na madarasa ya watoto 60, mengine hadi 100, mbele ya sista mmoja. Idadi ya masista haikuongezeka kwa kasi hiyo, kwa hiyo ikabidi kuajiri walimu walei, na mlei ana mke na kodi ya nyumba; haishi kwa piano. Mzazi Mkatoliki aliona kwamba analipa mara mbili. Kodi yake inajenga shule ya serikali ambayo mwanawe hasomi, kisha mchango wake unaitunza ile anayosoma.

Na jirani alikuwa anapata. Mwaka 1956 serikali ya shirikisho ilikubali kulipa riba ya mikopo ya ujenzi wa shule za makanisa ndani ya eneo la mji mkuu, Canberra. Canberra na Goulburn ni jimbo kuu moja la Kanisa tangu mwaka 1948, chini ya askofu mkuu mmoja, na kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mwendo usiofika kilomita 100. Wazazi wa Goulburn waliwaona wenzao wa jimbo kuu lilelile wakishikwa mkono, wao wakaambiwa serikali ya New South Wales haina utaratibu huo.

Hapo ndipo wakaguzi walipofika. Shule ya msingi ya Our Lady of Mercy iliambiwa iongeze vyoo vitatu, la sivyo ingepoteza kibali chake. Tuseme ukweli: wakaguzi walikuwa sahihi. Watoto walihitaji vyoo, na mji usingeshindwa kuchanga fedha za matundu matatu hata kidogo. Watu hawa walikuwa wamechangia mengi makubwa kuliko hayo kwa miaka 80. Lakini kuna siku mchangiaji huchoka, na kinachomchosha huwa si mchango mkubwa. Huwa ni ule mdogo unaoletwa na mtu ambaye hajawahi kuchangia chochote, amevaa tai, ameshika fomu.

Aliyeishika hoja ni Askofu msaidizi John Cullinane, huku Askofu Mkuu Eris O'Brien, ambaye pia alikuwa mwanahistoria, akiwa juu yake. Mkutano uliitishwa. Watu wapatao 700 walihudhuria, na pendekezo lilikuwa la kushtua: shule zote za Kikatoliki za mjini zifungwe, watoto wapelekwe shule za serikali, ili serikali ione kwa macho yake mzigo ambao familia hizi zilikuwa zinaibebea. Kura 500 zilikubali, 120 zikakataa.

Hizo 120 zinanivutia kuliko zile 500. Kuna waliohofia watoto wao wangepoteza masomo. Wapo walioona aibu kuanika shida ya Kanisa mbele ya majirani Waanglikana, katika nchi ambako Mkatoliki bado alikuwa anatazamwa kwa jicho la pembeni kazini na kwenye siasa. Na bila shaka walikuwepo walioona ni ajabu askofu aliyewahimiza miaka yote wasikanyage shule za serikali sasa anawaambia wapange foleni milangoni mwa shule hizohizo. Hoja hiyo haikujibiwa vizuri, na sidhani kama ina jibu.

Jumatatu ikafika. Wanahabari walikuja, na televisheni, ambayo nchini humo ilikuwa na umri wa miaka sita tu, ilipata picha zake. Walimu wakuu wa shule za serikali waliwapokea wageni kwa adabu, wakaandika majina, wakabana madawati. Watoto 640 walipata nafasi. Wengine walirudishwa nyumbani kwa sababu hapakuwa na pa kuwaweka, na hilo ndilo lililokuwa jibu ambalo wazazi walitaka taifa lilisikie. Hakuna aliyetukanwa langoni wala jiwe lililorushwa. Katika nchi yenye historia ndefu ya chuki kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, hilo si dogo.

Mpango wa awali ulikuwa wa kuendelea hadi mwisho wa muhula. Ulidumu wiki moja. Wazazi waliketi tena, wakaona ujumbe umefika, watoto wakarudi kwa masista wao. Serikali ya jimbo, ya chama cha Labor chini ya Bob Heffron, haikutoa hata senti. Hakuna jimbo jingine la Kanisa lililofanya mgomo kama huo, na ukiangalia matokeo ya wiki ileile ungesema Goulburn walishindwa.

Waliofanya hesabu walikuwa Canberra. Waziri Mkuu Robert Menzies, Mpresbiteri, alikuwa amenusurika kwenye uchaguzi wa mwaka 1961 kwa kiti kimoja. Alijua kwamba kwa vizazi vingi kura za Wakatoliki zilikwenda Labor, na alijua Labor imegawanyika vibaya tangu katikati ya miaka ya 1950, huku msimamo wake rasmi ukiwa kupinga ruzuku kwa shule za binafsi. Novemba 1963 aliahidi pauni milioni 5 kwa mwaka za kujenga maabara za sayansi katika shule zote za sekondari, za serikali na za makanisa. Akashinda kwa kishindo. Sheria ikapitishwa mwaka 1964, na ukuta uliosimama tangu siku za Parkes ukapata tundu. Vyoo vya shule ya msingi vikazaa maabara za sekondari. Siasa ina njia zake za kulipa deni kwa mtu mwingine.

Katika muongo huohuo sisi tulikwenda njia ya kinyume. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, iliziweka shule za misheni chini ya serikali na kuyaachia makanisa nafasi ya ufadhili, nafasi ambayo mipaka yake inagombaniwa hadi leo. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1969, ilizitaifisha. Mwalimu Nyerere alikuwa amefundisha St. Mary's Tabora na St. Francis Pugu, zote za Kanisa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujua anachokichukua. Nia ilikuwa njema: mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Lakini pamoja na majengo, serikali ilichukua pia mazoea ya mzazi kuona shule ni jukumu lake, na hayo haikujua iyahifadhi wapi.

Kanisa liliporudi kwenye elimu ya msingi miaka ya baadaye, lilirudi zaidi na shule za mchepuo wa Kiingereza, zenye mabasi ya njano na ada za awamu nne. Ni shule nzuri, sibishi. Matokeo yake yanaonekana. Mzazi wake, hata hivyo, ni mteja. Anakuja siku ya kuchukua ripoti, anakuja kwenye mahafali, na kati ya hapo anaishi kwenye kundi la WhatsApp akiulizia bei ya sweta. Sijui ni wazazi wangapi wa shule hizo wangeweza kuitishwa ukumbini kesho wakapiga kura ya kuifunga shule. Asiyeijenga hana mamlaka ya kuifunga; anachoweza ni kumhamisha mwanawe.

Huko Australia mambo yalikwenda haraka baada ya sheria ya mwaka 1964. Serikali ya Labor ya Gough Whitlam ilipokea ripoti ya Karmel kuhusu shule mwaka 1973, na fedha za shirikisho zikaanza kumiminika kwa shule zote kwa kigezo cha mahitaji. Labor yenyewe ikawa imekubali kile ilichokipinga. Watetezi wa shule za umma, kundi lililojulikana kama DOGS, walikwenda Mahakama Kuu wakidai kwamba katiba inakataza. Mwaka 1981 walishindwa, majaji sita kwa mmoja.

Masista wamekwisha madarasani. Karibu walimu wote ni walei wanaolipwa. Mwanafunzi mmoja kati ya watano nchini humo anasoma shule ya Kikatoliki, na wapo wasio Wakatoliki kabisa. Mwaka 2011 tume ya David Gonski ilijaribu kupanga upya nani apate kiasi gani, na mabishano hayajatulia. Safari hii wanaohesabu na kulalamika kwamba wengine wanabebwa kuliko wao ni wazazi wa shule za serikali.